Barabara ya Meza ya Reli

Ukimjengea mwanao reli ya mfano mezani, usiidharau barabara. Treni yaweza kununuliwa. Barabara hujengwa kwa kutazama.

Anza na kipimo. Katika kipimo cha 1 kwa 87, kitumikacho sana kwa reli za mfano, barabara ya mita 6 huwa na upana wa sentimita 7 hivi, na mtu mzima hufikia sentimita 2 tu.

Mimi na binti yangu tuliikata yetu kwa kadibodi, tukaiinua kidogo katikati, kwani barabara ya kweli ina mgongo ili maji ya mvua yateremkie mitaroni. Juu tukabandika msasa laini. Binti aliposhika rangi nyeusi, nilimtuma nje akaitazame lami. Akarudi akisema, “Baba, ni ya kijivu!” Naam, lami mpya ndiyo nyeusi, jua na vumbi huipausha, viraka vipya vikabaki vyeusi.

Kazi kubwa ni pale barabara ikatapo reli. Uso wake usipite kimo cha reli, na upande wa ndani wa kila reli uachwe mfereji mwembamba wa kupitisha ukingo wa gurudumu, ama sivyo treni itaacha njia.

Hapo binti aliuliza: “Lori lisimame wapi?” Tukachora mstari mweupe, mbali kidogo na reli. Njia yake ya shule huvuka reli, na treni haisimami ghafla. Ewe mzazi, swali hilo lishinda treni yenyewe kwa thamani.