Ung'eng'e wa Mbulu na Katesh: ulizia mshiko kabla ya kupanda basi

Kila mwaka ikifika Septemba, darasa la saba wakishaweka kalamu chini, kuna kibarua cha chapuchapu kinafunguka mikoani ambacho vijana wengi wa mjini hawakijui. Ni kufundisha kozi ya pri-fomu wani. Mtoto wa shule ya serikali amesoma miaka yote saba kwa Kiswahili, Kiingereza kwake kilikuwa somo moja tu kati ya mengine, halafu Januari anaingia kidato cha kwanza anakuta baiolojia, jiografia na hesabu vyote vinamsubiri kwa kimombo. Hapo mzazi lazima ahangaike. Anatafuta mtu wa kumnyooshea mwanaye ulimi ndani ya miezi mitatu, na mtu huyo unaweza kuwa wewe uliyemaliza fomu siksi na sasa umekaa kijiweni unapiga miayo.

Najua kuna washikaji wanaoota kufundisha kwenye kambi za nje, China sijui Thailand. Ndoto haina nauli. Mimi nasema kama unataka ugenini, panda basi la Babati.

Nimefundisha huko misimu miwili, mmoja Katesh wilayani Hanang, wa pili upande wa Mbulu, jirani na Dongobesh. Ukishafika Babati, njia ya lami inakwenda Katesh na kuendelea hadi Singida. Anayekwenda Mbulu anachepuka Dareda, na hapo gari linaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Masikio yanaziba, hewa inabadilika, na yule mwenzako uliyemcheka kwa kubeba koti unaanza kumtazama kwa jicho la husuda. Katesh kwenyewe hutaukosa Mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400, umesimama nyuma ya mji kama mtu anayekusubiri ueleze umefuata nini.

Kilichonishangaza zaidi ni lugha. Huko Mbulu mtoto anaongea Kiiraqw nyumbani, anakutana na Kiswahili shuleni, kisha wewe unamletea ya tatu. Kwa hiyo ukisimama ubaoni na Kiswahili chako cha Kinondoni ukidhani ndicho cha kuelezea, kumbe nusu ya darasa nacho wanakitafsiri kichwani. Upande wa Hanang unakuta Wabarbaig, rejesta imejaa majina yanayoanza na Gida kwa wavulana na Uda kwa wasichana. Wiki ya kwanza niliwaomba wanafunzi wanifundishe kuhesabu: wak, tsar, tam. Darasa zima lilicheka mpaka benchi likaanguka. Baada ya hapo hakuna aliyeogopa kukosea mbele yangu.

Halafu kuna hili la sauti. Sisi wa Dar tunalitamka jina la Dokta Slaa kwa 's' halafu 'l', kumbe kwa Wairaqw wenyewe hiyo ni sauti moja, ulimi unabana na hewa inatokea ubavuni. Jaribu. Mtoto anayeweza hiyo, tena na 'tl' ya Ziwa Tlawi juu yake, hawezi kushindwa 'th' ya Waingereza. Anachokosa ni mtu wa kumwongelesha. Wakati sisi mjini tunaambiwa watoto wa huko ni wagumu! Wagumu wako wapi? Huko ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na goti lililofungwa bandeji.

Sasa tuje kwenye ngawira.

Kituo cha kwanza nilichofundisha, jina lake nalihifadhi, tulikubaliana na mwenye nacho malipo ya mwezi, tena kwa ujumbe wa simu. Mwezi wa kwanza ukaisha, kibosile akaja na habari mpya: eti sasa tutalipwa kwa kichwa, yaani kwa kila mtoto ambaye mzazi wake ameshalipa. Na wazazi, anasema, wanasubiri mnada. Kusubiri mnada ni kweli kabisa. Oktoba na Novemba mavuno yameshaondoka ghalani, hela ya mzazi iko kwenye miguu minne, mpaka mbuzi auzwe. Lakini tazama ujanja wenyewe. Biashara ni ya kwake, hasara ya kusubiri mbuzi anatubebesha sisi. Tulikuwa watatu, tukamwonyesha ujumbe wake mwenyewe, tukamwambia kesho chaki hatushiki. Jioni ile ile hela ikaingia kwenye simu.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kituo kina watoto 60, kila mmoja analipa shilingi 40,000 kwa kozi nzima. Hiyo ni 2,400,000. Walimu watatu wakipewa 150,000 kila mmoja kwa miezi miwili, zimetoka 450,000. Toa kodi ya darasa, toa chaki, toa uji. Bado kuna mtu anacheka. Sisemi asicheke, kituo ni chake, ila ukijua idadi ya watoto na ada yao ndipo unajua uombe ngapi. Wenye vituo wengi hawapendi swali hilo, na ndiyo sababu ya kuliuliza.

Dongobesh ilikuwa tofauti. Wazazi wenyewe walijikusanya, wakaomba ukumbi, wakamteua mama mmoja kushika fedha. Siku ya kwanza alinisomea mbele ya wenzake: fedha kiasi hiki kila Ijumaa, chumba chenye kufuli, debe la mahindi na maharage, na nauli ya kurudi imeshawekwa pembeni. "Mwalimu, umesikia?" Nimesikia, mama. "Basi andika jina." Fedha ilikuwa pungufu kuliko ya Katesh, lakini sikuidai hata siku moja. Mzee mmoja tu ndiye alinitania kama mimi ni Voda fasta. Ndivyo walivyobatizwa wale waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na kumwagwa kwenye sekondari za kata katikati ya miaka ya 2000. Wazazi hawajasahau, na wana haki ya kukuuliza unajua nini.

Watu wa Hanang nao mgeni mwenye maneno mazuri wanamjua. Mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO kule Basotu yaliletwa kwa msaada wa Kanada, na miaka ya 1980 wanakijiji wa Mulbadaw walipelekana mahakamani na shirika hilo kwa ajili ya ardhi. Usishangae mtendaji wa kijiji akikuomba barua ya utambulisho kabla ya kukuomba jina. Nenda nayo.

Cheti chako halisi usikiache kwa mtu, toa kopi. Mahudhurio yako yaandike kwenye daftari, mwenye kituo asaini kila wiki. Na sheria isikupige chenga: kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi asiyetimiza miezi 6 kwa mwajiri hawezi kudai kuwa ameachishwa isivyo haki. Deiwaka wa pri-fomu wani hayumo. Ila mshahara ulioufanyia kazi ni wako, hata kama ulifundisha wiki mbili. Ukidhulumiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo Babati, na madai ya namna hiyo yanafunguliwa ndani ya siku 60. Wengi wanakwenda kulia kwa mjomba mpaka siku zinapita.

Uliza pia utalala wapi. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakapitia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, wakafa watu zaidi ya 80. Ilikuwa katikati ya msimu huu huu wa kozi. Chumba cha bei poa kando ya korongo, mimi sikai. Kwa dada zangu, naongeza: kaa kwenye nyumba ya familia, na masomo ya usiku yafundishwe kwenye ukumbi wenye taa, si chumbani kwa mtu.

Vituo huanza kutafuta walimu mwishoni mwa Septemba. Katesh chukua shati jepesi na skafu ya vumbi. Mbulu, sweta mbili.