Mwenzetu Aliyesema "Nipo Tu"

Ofisini kwetu, hapa mjini Morogoro, tuko wanawake sita. Yupo mhasibu, wapo makarani wawili, yupo katibu muhtasari, yupo mwenzetu wa masijala, na yupo mama anayetuandalia chai na kufanya usafi. Wote tumeolewa na wote tuna watoto. Kazi huanza saa moja na nusu asubuhi na kwisha saa tisa na nusu alasiri, na katikati kuna nusu saa tunayoipenda kuliko zote: chai ya saa nne.

Siku ya Ijumaa chai hiyo huwa na maneno mengi kuliko vitafunwa. Ndiyo siku ya kuulizana, "Mwenzangu, kesho na keshokutwa unakwenda wapi?" Mmoja ana harusi, mwingine ana kikoba, mwingine anapanda Mgeta kuwaona wazazi wake na atarudi na kabichi na karoti za kutugawia. Ikifika Novemba, mazungumzo yanageukia likizo ndefu ya shule. Nani anakwenda Moshi, nani anakwenda Mbeya, nani anapeleka watoto kwa bibi yao, na nauli ya basi mwezi wa Desemba itakuwaje.

Kwa mazungumzo hayo tulidhani tunajuana sana. Tunajua mhasibu anakunywa chai bila sukari lakini hawezi kuiacha chapati. Tunajua katibu muhtasari akiona kitenge kipya hapiti. Tunajua karani mmoja ni shabiki wa Yanga kumzidi mumewe. Ni mwenzetu wa masijala tu ambaye hatukuwa na la kusema juu yake. Kila Ijumaa akiulizwa alijibu maneno yaleyale, huku akitabasamu: "Mimi nipo tu, wenzangu." Nasi tulicheka kidogo, tukaendelea na anayefuata. Mwisho tuliacha hata kumwuliza.

Karatasi sita

Kila mwisho wa mwaka huwa tunapeana zawadi kwa kupiga kura. Novemba 2024 mhasibu alitoa shauri. Alisema amechoka kupewa glasi, kabati lake limejaa. Kwa nini kila mmoja asiandike vitu vitatu anavyovipenda, ili atakayempata ajue la kununua? Tukakubali. Tukaandika, tukakunja, tukatia karatasi kwenye kopo, na Ijumaa iliyofuata katibu muhtasari akazifungua na kuzisoma kwa sauti.

Ya kwanza ilikuwa ya karani mmoja: begi la shule, viatu vyeusi, na sweta la rangi ya bluu. "Mama wee, haya si ya mwanao?" tulimwuliza. Akashika mdomo. Ya mhasibu ilisema shati la kitenge, na sote tulijua kifua cha shati hilo ni cha nani. Mama wa chai aliomba sufuria kubwa, kwa kuwa wajukuu wanakuja. Karatasi ya nne na ya tano zilikuwa vivyo hivyo. Tuliulizwa tunapenda nini sisi, tukajibu wanachopenda watu wa nyumbani kwetu. Hakuna aliyefanya makusudi. Ndivyo ilivyotujia kalamuni.

Karatasi ya sita ilikuwa ya mwenzetu wa masijala. Ilikuwa na neno moja, limeandikwa mara tatu. "Kulala. Kulala. Kulala."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika mezani. Tulipoinua macho kumtazama, yeye hakuwa akicheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakujaribu kuyafuta.

Yale tuliyoyajua tukayasahau

Siku hiyo chai ya saa nne ilizidi nusu saa. Alitueleza kwamba mama mkwe wake, ambaye alipatwa na kiharusi mwaka 2022, bado yuko kitandani nyumbani kwake. Upande wa kulia wa mwili haufanyi kazi na maneno hutoka kwa shida. Msichana wa kazi humwangalia bibi siku za kazi, lakini Jumamosi na Jumapili huenda kwao. Usiku wote wa juma ni wa mwenzetu. Mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili, ama sivyo atapata vidonda mgongoni na kiunoni. Kwa hiyo mwenzetu alikuwa na saa ya kengele kando ya mto wake, inayolia saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi. Saa kumi na moja anaamka kuandaa watoto. Likizo yake ya siku 28 kila mwaka ilikuwa ikiishia hapohapo kitandani kwa bibi.

Kilichotuchoma ni kwamba habari hii haikuwa ngeni kwetu. Mwaka ule wa 2022 tulikwenda kumwona mgonjwa, sote sita kwa gari moja. Tulipeleka sukari, mchele, sabuni na kanga. Tulimwombea bibi tukiwa tumezunguka kitanda chake, tukasema Amina, tukaondoka. Tulijiona tumetimiza wajibu. Kuanzia hapo kila Ijumaa tukawa tunamwuliza mwanamke huyo atakwenda kutembea wapi, na alipotuambia kwa adabu kwamba hana pa kwenda, hatukusikia.

Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia, alijibu kwa upole, "Mlikuwa na furaha na safari zenu. Ningeanzaje?"

Tulivyoshindwa mara ya kwanza

Tungependa kukuambia, mama msomaji, kwamba tangu siku hiyo tulitengeneza mambo. Haikuwa hivyo. Jumamosi ya kwanza tulikwenda wanne kwa pamoja, tumevaa vizuri kama waalikwa wa harusi. Mwenzetu alituona tukiingia, akaingia jikoni. Alitupikia wali, akatuandalia, na tulipoondoka akabaki na vyombo vyetu vya kuosha. Tulikuwa tumemwongezea kazi. Jumamosi ya pili tulikwenda wawili. Ya tatu hakwenda hata mmoja, kila mtu akidhani mwenzake amekwenda.

Tena mume wake hakupendezwa. Hakutufukuza, ila alimwambia mkewe, "Watu watasemaje, mama yangu kuhudumiwa na watu wa ofisini kwako? Watadhani ukoo wangu umenishinda." Hatukumlaumu. Kwa desturi zetu mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake, na aibu ya kuonekana umeshindwa kumtunza mzazi si ndogo.

Mama wa chai, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, alikwenda kuzungumza naye peke yake. Alikaa, akajulia hali, akangoja. Kisha akasema, "Shemeji, hatukuja kukuchukulia mama yako. Tumekuja kumkopa mkeo kwa siku moja." Shemeji alinyamaza kitambo. Ndipo akaeleza kwamba naye halali vizuri, anaisikia ile kengele kila inapolia, lakini hajui aanzie wapi. Kumbe naye hakuna aliyewahi kumwuliza.

Zamu ya mmojammoja

Tulianza upya. Tulichora zamu kwenye karatasi, tukaibandika ndani ya mlango wa kabati la masijala. Kila Jumamosi ni mtu mmoja tu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri. Anakuja na chakula chake, anavaa nguo ya kazi, haandaliwi kitu. Tuko watano, kwa hiyo zamu humrudia kila mmoja wetu baada ya majuma matano. Mwanamke gani hawezi kutoa Jumamosi moja katika tano? Hata hivyo kuna waume wetu walionung'unika, na mmoja wetu aliwahi kubadilishana zamu mara tatu mfululizo hadi tukamsema.

Kazi yenyewe tulifundishwa na muuguzi jirani, maana upendo bila maarifa unaweza kumwumiza mgonjwa. Tulijifunza kwamba mgonjwa wa kiharusi halishwi akiwa amelala, bali huketishwa wima na kulishwa polepole, kidogokidogo, ili asipaliwe. Tulijifunza kwamba ukimwinua usimvute kwa mkono ule uliopooza, maana bega lake hutoka mahali pake kwa urahisi. Tulijifunza kutandika mpira chini ya shuka na kukausha ngozi vizuri baada ya kumwosha. Tulijifunza pia kwamba kulegea kwa ulimi si kupotea kwa akili. Bibi alikuwa anatufahamu vizuri. Mara ya kwanza mmoja wetu alipoinama na kusema, "Shikamoo mama," akangoja, bibi alihangaika na mdomo wake kitambo kirefu, kisha ikatoka, "Ma-ra-haba." Mwaka ule wa sukari na kanga pia tulimwamkia, lakini hatukungoja.

Shemeji naye alijifunza kumgeuza mama yake, na kijana wake wa kwanza akajifunza. Kuogesha kumebaki kwa wanawake, lakini kengele ya saa sita na ya saa nane sasa ni za baba na mwana.

Safari ya dirishani

Zawadi za glasi na mashati hatukupeana mwaka huo. Tulichanga fedha zote pamoja na kumwuliza tena mwenzetu swali lilelile, ila safari hii tulimpa muda. "Ukishalala vya kutosha, ungependa nini?" Alifikiri juma zima. Kisha akatujibu kwa haya, kama binti. Tangu treni mpya ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, alitamani kuipanda, aketi dirishani, bila mtoto wala mzigo mapajani. Na akifika huko, atie miguu baharini.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Januari 2025. Zamu ya siku hiyo aliishika shemeji mwenyewe, nasi wawili tukiwa wasaidizi. Mwenzetu aliondoka asubuhi na kurudi jioni. Jumatatu kwenye chai sote tulimzunguka. "Haya, tueleze! Uliona nini njiani?"

Akaanza kucheka. "Sikuona kitu," alisema. "Treni ilipoondoka tu nikapitiwa na usingizi. Sikuiona Ngerengere, sikuiona Ruvu. Nimeamshwa tumekwisha fika Dar."

Safari hii tulicheka na mwenyewe akicheka. Alisema alivuka na kivuko hadi Kigamboni, akavua viatu, akasimama majini hadi miguu ikaanza kukunjamana. Dirisha lake alilifaidi wakati wa kurudi. Alituletea kila mmoja gamba la kombe alilookota ufukoni. La mhasibu liko mezani kwake hadi leo, juu ya mafaili.

Tumejifunza nini

Bibi bado yuko kitandani. Hatukumponya, na zamu inaendelea. Mwenzetu bado anachoka, lakini si uchovu ule wa kulia juu ya karatasi. Sasa Ijumaa ikifika naye ana la kusema. Wakati mwingine ni jambo dogo tu, kama kufuma kitambaa au kwenda mazoezi ya kwaya aliyokuwa ameyaacha.

Sisi nasi tumebadilika. Kwanza, tumejua kwamba katika kila ofisi, kila jumuiya na kila kikundi cha akina mama yupo anayejibu "nipo tu". Jibu hilo si la kurukwa. Ukilisikia mara ya tatu, vuta kiti ukae naye. Pili, tumejua kwamba kumtembelea mgonjwa mara moja si sawa na kumsaidia anayemwuguza. Mgonjwa huletewa zawadi, lakini anayekesha naye husahauliwa. Tatu, kila mmoja wetu alichukua ile karatasi yake ya Novemba akaenda nayo nyumbani, akaiandika upya mbele ya mumewe na watoto. Mmoja wetu alikaa na kalamu mkononi hadi mtoto wake wa miaka tisa akamsaidia: "Mama, wewe unapenda kukaa nje jioni, ukimya ukiwepo." Alikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa, na hakuwa amejua kwamba kuna mtu nyumbani aliyeliona hilo.

Ijumaa hii nawe utaulizana na wenzako mtakwenda wapi. Ulizaneni, ni jambo jema na linachangamsha moyo. Ila ukishauliza, tua kikombe chako mezani, umtazame mwenzako usoni, ungoje jibu lake.