Jini la Kwenye Kioo na Bibi wa Jirani

Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Zikafuata sinema za majini na wachawi, mfano Shumileta ya mwaka 2005. Kwetu Nyakitonto, wilayani Kasulu, tulizitazama katika banda la video, jenereta ikinguruma nje. Wakubwa walicheka kuficha hofu. Watoto walirudi nyumbani wameshikana mikono. Hofu hiyo haina ubaya. Ubaya ulianza kesho yake, walipomkimbia bibi kizee mwenye macho mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa kuni. Kwa shuku ya namna hiyo vikongwe wameuawa nchini mwetu. Basi, mzazi mwenzangu, sinema ikiisha usizime televisheni ukanyamaza. Waeleze wanao kwamba jini lile ni mwigizaji aliyepakwa rangi, na bibi yule anastahili shikamoo.