Mizani za Njia ya Karatu

Mtu wa pwani hulijua joto kama anavyomjua jirani wa siku nyingi. Hulipokea linapoingia na kaskazi mwishoni mwa mwaka, hulilalamikia barazani, hulala nalo chumba kimoja, na masika yakija huagana nalo bila ya chuki. Ndiyo maana malenga mmoja wa Unguja, mwalimu mstaafu wa miaka 58, alipoazimia kwenda kukimbia nusu marathoni inayoanzia lango la Ngorongoro na kumalizikia mjini Karatu, jua halikuwamo katika hesabu ya hofu zake. Aliihofia baridi. Mkobani alitia sweta mbili na kofia ya sufi aliyoazimwa na rafiki aliyewahi kuishi Arusha.

Mazoezi aliyafanya kwa miezi mitano, kila baada ya sala ya alfajiri, kutoka Mnazi Mmoja kupitia Maisara na kurudi kwa njia ya Forodhani. Kwa kuwa alikuwa mtu wa mashairi, hakupima mwendo wake kwa saa ya mkononi. Aliupima kwa mizani. Kama ajuavyo msomaji, mshororo wa shairi letu la kawaida hubeba mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Mwalimu alivuta pumzi kwa hatua nane za ukwapi na kuitoa kwa hatua nane za utao, na kila alipomaliza ubeti wa mishororo minne alijua kwamba amekwenda hatua sitini na nne. Vijana waliompita pale Maisara walimwita mzee wa vina, naye hakuchukia.

Waliomuuliza kwa nini aende mbali kiasi hicho kukimbia, aliwajibu kuwa daktari amemkataza kukaa kitako. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila lilikuwa nusu. Karatu alikuwako mwanawe wa kiume, aliyeacha chuo Unguja akaenda bara kuendesha magari ya watalii, kisha akaoa huko huko katika watu wa kabila la Wairaqw. Mwaliko wa harusi ulifika mapema. Baba hakwenda. Hakugomba wala hakulaani. Alisema tu kwamba safari ni ndefu. Na huyo ndiye malenga aliyetunga mashairi ya harusi ya nusu ya mtaa wake, wa karibu na wa mbali, waliomlipa na waliomsahau. Kwa mwanawe mwenyewe hakutunga hata mshororo mmoja. Miaka minne ikapita, na simu za Idi zikawa fupi kila mwaka. Usiku wa kuamkia safari alipiga yeye, akasema atafika Karatu, kuna mbio. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Karibu sana, baba. Njia ni moja tu, hupotei."

Alivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, akapanda basi hadi Arusha, akapanda jingine lililopita Makuyuni na Mto wa Mbu na kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa, ziwa Manyara likibaki chini kama sahani iliyosahauliwa uani. Juu ya ukuta ule ardhi ilikuwa nyekundu, na mashamba ya mahindi, maharage, ngano na kahawa yalipandana juu ya vilima mpaka chini ya mlima Oldeani. Mji wa Karatu umekaa kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 juu ya bahari ile aliyoizoea, na lango la Lodoare liko juu zaidi.

Nchi ile ina nasaba ya wakimbiaji. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, na tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, aliziongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Hakumngojea mtu, alitoka mbele, akabaki mbele. John Stephen Akhwari ni wa Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake mpaka ilipojitenga katika miaka ya 1990. Huyu dunia inamkumbuka kwa jambo la kinyume. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, alianguka njiani akaumia goti. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza 57, naye akiwa wa mwisho, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Kiza kilikuwa kimeingia na watu wengi wameondoka alipochechemea uwanjani na bandeji mguuni. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumpeleka mbali kote kule ili aanze mbio, ilimpeleka ili amalize. Hivyo ardhi moja ilitoa masomo mawili: namna ya kuanza na namna ya kumaliza. Mwalimu aliyasoma yote mawili kabla ya safari. Asubuhi ya mbio alilikumbuka la kwanza tu.

Ilikuwa asubuhi ya Aprili, katika mwaka ambao masika yalichelewa. Langoni ukungu ulikuwa umelala juu ya msitu, na Mwalimu akajisifu kimoyomoyo kwa sweta zake. Pembeni yake vijana wembamba wa Karatu, Mbulu na Babati walipasha miguu bila ya kusema. Wengi wao hawakuja kwa ajili ya afya wala kwa ajili ya shairi. Mshindi huondoka na fedha, na mkimbiaji mzuri huweza kupata nafasi katika jeshi, polisi au magereza. Kwao kilomita zile 21 na kidogo zilikuwa shamba linalolimwa kwa miguu. Walipoachiwa waliruka kama ndege waliotishwa mtini. Mwalimu, aliyepaswa kuwaacha waende, aliwafuata.

Kilomita za kwanza huteremka, na mteremko ni rafiki mnafiki. Ulimchukua kwa kasi ambayo hajawahi kuifikia Maisara, akaiona ni ujana unaomrejea. Lakini njia ile haishuki moja kwa moja; huingia bondeni, hupanda, hushuka, hupanda tena. Katika mpando wa tatu ukungu ulifunguka na jua likatoka, tena si jua la kuchomoza. Lilitoka limeshakomaa.

Hapo ndipo alipokutana na joto asilolijua. Joto la kisiwani lina uungwana wake: hukutangazia. Shati hulowa, jasho huingia machoni, na mtu huambiwa mapema kwamba mwili unatoa maji. Joto la nyanda za juu halisemi. Upepo mkavu huliiba jasho kabla halijaonekana, na Mwalimu, aliyeiona fulana yake i kavu, aliamini kuwa hatoki jasho. Alizipita meza mbili za maji kwa kiburi cha mtu asiye na kiu. Alipokuja kuutazama mkono wake aliona chumvi nyeupe imechora ramani juu ya ngozi. Maji yalikwishakwenda, ilibaki bahari yake tu.

Mwili unaokimbia katika joto ni kama nyumba yenye mtungi mmoja na wenye kiu wawili. Misuli inataka damu ili iendelee kufanya kazi. Ngozi inaitaka damu ile ile ili ilitoe nje joto ambalo misuli imelizalisha. Maji yakipungua, damu nayo hupungua, na moyo hulazimika kwenda mbio zaidi ili kuwaridhisha wote wawili. Ongeza juu ya hapo hewa nyepesi ya mlimani, ambayo kila pumzi yake hubeba oksijeni kidogo kuliko ile ya Forodhani. Mizani za Mwalimu zikaanza kuvunjika. Nane zikawa nne. Nne zikawa mbili. Kufika kilomita ya 13 hapakuwa tena na ukwapi wala utao, ilibaki kutweta tu, kama mtu asomaye shairi huku akilia.

Kisha likaja jambo lililomtia hofu ya kweli. Katikati ya jua lile vinyweleo vilimsimama, akahisi baridi. Kichwa kilimgonga, tumbo likamchafuka. Aliketi juu ya ukuta mfupi wa kalvati. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiswaga punda wa maji alisimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole. Hilo si jua la kukimbilia." Alifungua dumu moja, akammiminia maji kichwani na shingoni, akampa na ya kunywa kidogo kidogo, kama anayemnywesha mtoto mwenye homa. "Ukipata nguvu, tembea. Usikimbie tena."

Gari la kuwachukua walioshindwa lilifika, na dereva akafungua mlango. Mwalimu alimkumbuka Akhwari, na papo hapo akaona aibu ya kumkumbuka. Akhwari alikuwa na miaka 30, mwanariadha aliyekuwa na nchi nzima mabegani, na miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh ya 1970, alimaliza wa tano katika marathoni. Mzee anayetetemeka kwa baridi juani hana haki ya kujipamba kwa goti la mtu mwingine. Ukaidi si ushujaa, na joto limekwishawazika wengi walioshindwa kuzitofautisha tabia hizi mbili. Aliketi kivulini mwa gari lile, akanywa polepole, akangoja. Baridi ilipoondoka mwilini na kichwa kilipotulia, ndipo aliposimama. Alimshukuru dereva, akaomba chupa mbili za maji, akaanza kutembea.

Kutembea kulimrudishia macho. Aliiona kahawa kando ya njia, na watoto waliomwamkia kutoka vibarazani. Akakumbuka kwamba nyuma yake, ng'ambo ya kreta, ndani ya hifadhi ile ile ya Ngorongoro, pako mahali paitwapo Laetoli, ambako mwaka 1978 msafara wa Mary Leakey ulizifukua nyayo za viumbe waliokwenda kwa miguu miwili miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa kwa mvua. Majivu yakaganda, mengine yakayafunika, na hatua zao zikahifadhika. Hawakuwa wakikimbia. Nyayo zile ni za mwendo wa kawaida, kubwa na ndogo, njia moja. Mwalimu hakulitafutia fumbo jambo hilo. Lilimtosha kujua kwamba katika nchi ile watembeao nao wameandikwa.

Mbele yake, wakati kila mtu anakwenda kwa kuteremka, alimwona mtu mmoja anapanda. Alikuja taratibu ukingoni mwa lami, mkono juu ya macho, akiwatazama waliosalia mmoja mmoja. Alimtambua kwa mabega kabla hajauona uso.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Kijana alimtia chungwa mkononi, limekwishamenywa. "Nilikungoja pale mwisho. Nikaona umechelewa, nikasema nikufuate."

"Nimechelewa," alisema Mwalimu. "Nimechelewa sana, mwanangu."

Kijana hakujibu. Aligeuka, wakateremka pamoja. Kwa muda wa kilomita nzima hapakusemwa neno, ila mwana alifupisha hatua zake ndefu mpaka zikalingana na za baba. Walipokaribia mji, baba aliuliza jina la mlima ule. Mwana akamwambia ni Oldeani. Akauliza bei ya kahawa. Akauliza, hatimaye, kuhusu nyumba na aliomo. Walifika uwanjani watu wanakunja mahema. Wachache waliobaki walipiga makofi, na mwana akasimama kando ili baba auvuke mstari peke yake. Zilikuwa zimepita saa tatu na dakika arubaini.

Usiku ule mkwewe alimletea maji ya moto yenye chumvi ya kutia miguu, na baadaye sahani ya makande. Mwalimu alimwambia, "Mwanangu, nina deni lenu." Mwanamke yule alidhani ni deni la chakula, akacheka, akamwongezea makande.

Septemba ya 2025, pale barazani Unguja, watu waliizungumza siku nyingi marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Tokyo. Katika joto na unyevu wa mji ule, Alphonce Simbu wa Singida alivumilia ndani ya kundi mpaka mwisho, na baada ya saa 2, dakika 9 na sekunde 48 akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde, akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Wote walizungumzia hatua ya mwisho. Mwalimu peke yake aliuliza alikunywa maji mara ngapi.

Deni lake amelilipa, ingawa kwa kuchelewa. Shairi la harusi ya mwanawe lina beti saba, nane kwa nane, na ukilisoma kwa sauti utaona kwamba haliendi mbio. Pumzi yake ni ya mtu anayetembea na mwenziwe kwenye mteremko, jua likiwa utosini. Alilipeleka mwenyewe Karatu, kwa basi, akalisoma mbele ya watu wanane na mtoto mmoja aliyelala.