Mtoto wa Benchini

Columbus, Ohio

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliponipigia kunieleza kwamba binti yako amechaguliwa kuingia timu ya jimnastiki, nilisema mashaallah kisha nikanyamaza, ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Nilikuwa nahesabu Jumamosi.

Wewe una mwaka mmoja tu hapo Houston, na mchezo huo umeuona kwenye televisheni. Mimi niliishi nao miaka saba na binti yangu, dada yako, kuanzia 2014, kwa hiyo nivumilie.

Watakuambia anaanza daraja la 3. Madaraja yote ni 10. La 1 hadi la 5 ni ya mpangilio wa lazima: wasichana wote wa daraja moja hucheza mpangilio uleule kwa muziki uleule, na ukikaa ukumbini tangu asubuhi wimbo huo utakufuata hadi usingizini. Kuanzia la 6 kila mmoja hutungiwa mchezo wake. Juu ya la 10 wapo wateule wanaowania timu ya taifa, na timu ya wanawake iliyokwenda Paris 2024 ilikuwa na wachezaji 5 kwa Marekani nzima. Ndoto ya medali iweke kabatini.

Sisi tuliosoma Tanga tukisikia daraja tunafikiri darasa: kila mwaka mtoto apande, akirudia ni aibu ya ukoo. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Dada yako alipobakizwa daraja la 4 kwa mwaka wa pili, yeye alikula chakula chake akalala. Aliyelia ni mimi. Kumbe kocha alikuwa na haki. Boriti wanayochezea ina urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10, nyembamba kuliko zile boriti za mkoko zilizobeba dari ya babu yako, nayo imeinuliwa mita 1.25 kutoka chini. Akianguka hukatwa nusu alama katika 10. Aliyeharakishwa hapo juu hupoteza zaidi ya alama.

Daraja la 3 tulikwenda jimu siku tatu kwa wiki, kwa muda wa saa tatu kila siku. La 8 zilikuwa siku tano, jumla saa ishirini. Ada ya mwezi ni mlango tu. Ndani utakuta vazi la mashindano lenye vimetameta ambalo mwakani halimtoshi, kiingilio cha kila shindano, sehemu yako ya nauli na malazi ya kocha, hoteli yenu wenyewe, petroli. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliongeza zamu za usiku, na nilidhani hiyo ndiyo gharama. Msimu wa mashindano mara nyingi hushika Januari hadi majira ya kuchipua, na miaka hii Ramadhani imeangukia humohumo. Jiandaeni kufuturia ndani ya gari.

La stara najua mama mkwe wako ataliuliza. Mwambie kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, wasichana wa Ujerumani waliingia na mavazi yaliyofunika miguu hadi kwenye vifundo, na sheria za mchezo ziliwaruhusu. Ongea na kocha mapema. Hilo si la kugombania.

Ninalotaka kukuambia hasa linamhusu mtoto mwingine.

Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka sita dada yake alipoanza. Hapakuwa na wa kumwachia, basi tulimbeba. Alijifunza kusoma kwenye benchi la jimu, akala chakula cha jioni kwenye kibakuli cha plastiki kiti cha nyuma, akalala amekunjwa na koti lake huku theluji ikianguka kwenye maegesho. Hakusumbua, nasi tukawa tunawaambia watu: huyu mtoto ni mtulivu sana. Tulimsifu kwa hilo kana kwamba ni tabia aliyozaliwa nayo.

Machi 2020 kukaja maradhi, jimu zikafungwa. Zaidi ya miezi miwili hatukuwa na pa kwenda. Jioni ya kwanza nikapika wali wa nazi na samaki, nikatandika, tukakaa wanne mezani. Mwanangu alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Leo kuna nini?" Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alidhani kuna mgeni anakuja.

Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa na jibu. Dada yako alirudi jimu zilipofunguliwa, akacheza msimu mmoja zaidi, akaacha mwenyewe. Hajutii, wala mimi sijutii kumpeleka. Mgongo alionao na ile nidhamu ya kujaribu kitu mara mia hakuna shule iliyompa. Ila yale niliyompa yeye, mengine yalikuwa ya mdogo wake, na sikumwomba.

Sasa jambo moja ambalo usilifanyie mzaha. Sisi tumelelewa kumstahi daktari na mwalimu hata anapokosea. Januari 2018 kule Michigan alihukumiwa Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa, na wanawake zaidi ya 150 walisimama mahakamani kueleza aliyowatendea. Baadhi yao aliwadhuru mzazi akiwa chumbani mle mle. Siku hizi kuna kanuni: mtu mzima asikae faragha na mtoto pasipoonekana, na ujumbe wa kocha kwa mtoto umhusishe mzazi. Ulizia kanuni hizo siku ya kwanza, kwa sauti ya kusikika. Wakikuona mkorofi, waache wakuone hivyo. Binti yako naye ajue kwamba hapana yake kwako ina uzito kuliko heshima ya mkubwa yeyote.

Vilevile akikuambia anaogopa mruko fulani, mwamini. Simone Biles mwenyewe pale Tokyo alijitoa kwenye fainali kadhaa kwa sababu alikuwa hajui tena mwili wake uko wapi hewani. Miaka mitatu baadaye, akiwa na miaka 27, akachukua dhahabu Paris. Kusimama hakukummaliza.

Ipo pia njia nyingine wasiyoitangaza sana: programu ya Xcel, yenye madaraja ya Shaba, Fedha, Dhahabu, Platini, Almasi na Yakuti Samawi. Wanashindana vilevile, ila kwa kawaida saa ni chache na mfuko hupumua. Mimi ningeanzia huko. Wengine watakuambia ni ya waliokosa kipaji. Niliwahi kusema hivyo mwenyewe, nikijivuna.

Kabla hujatia saini, kaa na mkeo, kisha mwite mwanao wa kiume, kaka wa binti yako. Muulize ni wapi angependa awe Jumanne saa kumi na mbili jioni. Asipojibu, subiri.

Ratiba ya mashindano ikitoka nitumie tarehe ya kwanza, nitakuja. Wewe na mkeo mtakwenda ukumbini. Mimi nitampeleka kaka yake kwenye mpira wake, na kiti changu nitakibeba mwenyewe.

Wasalaam,
Shangazi yako