Bwana wa Juja na Makaburi Yetu

Kati ya Ruiru na Thika jina la Juja hutajwa mara nyingi kwa siku. Makanga hulipaaza, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huteremka hapo na vitabu vyao, na matatu huendelea na safari. Ukiwauliza abiria jina hilo lilitoka wapi, wengi watakutazama tu. Jibu lake linahusu Mmarekani mmoja, na pia linatuhusu sisi.

Mmarekani huyo ni William Northrup McMillan, aliyezaliwa mwaka 1872 huko St. Louis katika jimbo la Missouri. Familia yake ilitajirika kwa kuunda mabehewa ya garimoshi. Mwaka 1894 alimwoa Lucie Webber, na miaka kumi hivi baadaye wakafika nchi hii, wakati serikali ya kikoloni ikiwagawia walowezi ardhi kama mtu agawaye karanga. Bwana huyu alijipatia maelfu ya ekari kutoka Juja kuelekea mlima Kilimambogo. Alikuwa mnene ajabu, mkarimu kwa wageni, na mpenda kuwinda. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake hapo Juja.

Hakuishia katika ukulima. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alipigana upande wa Waingereza, na mwaka 1918 akapewa cheo cha "Sir". Kisha akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi kuwasemea walowezi wenzake. Msomaji, hapo ndipo pa kutua kidogo. Miaka hiyo hiyo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande ndani ya kikopo cha bati shingoni. Harry Thuku alipopinga mambo hayo mwaka 1922, alikamatwa, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Katika Baraza hakukuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944.

Babu yangu alikuwa mmoja wa waliobeba kipande. Alichunga ng'ombe wa mlowezi mwingine upande wa Ruiru. Alitusimulia kwamba kikopo kile kilimkwaruza kifua usiku, na kwamba hakuthubutu kukivua hata alipolala. Sisi wajukuu tulicheka, kwa kuwa mzee alijua kuyapamba maneno. Siku hizi nikikumbuka sauti yake sioni cha kuchekesha.

McMillan alifariki mwaka 1925 nchini Ufaransa. Mwili wake uliletwa Kenya ili azikwe juu ya Kilimambogo, mlima ambao Wamaasai huuita Ol Doinyo Sapuk. Husimuliwa kwamba safari ya kuupandisha iliwashinda watu kwa ukali wa mlima, ndipo akazikwa njiani, chini ya kilele. Mkewe, Lady McMillan, aliishi hadi 1957, akazikwa kando yake. Hawakuacha mtoto. Pamoja nao amelala Louise Decker, mtumishi wao wa miaka mingi. Mahali hapo sasa ni ndani ya mbuga ya taifa, na wageni huonyeshwa.

Niliwapeleka watoto wangu huko likizo moja. Binti yangu, wakati huo akiwa darasa la tano, alisoma majina yote kisha akauliza, "Baba, na Babu mkubwa kaburi lake liko wapi?" Nilimjibu kwa ukweli. Babu alizikwa kando ya shamba la mkonge. Shamba likauzwa, likakatwa ploti, na leo pana nyumba za kupanga. Hakuna mtu katika ukoo wetu anayeweza kuweka kidole na kusema, ni hapa.

Sisemi makaburi ya mlimani yabomolewe. Lady McMillan alimkumbuka mumewe kwa kujenga Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931. Ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka 1958. Lakini leo mtoto wa Githurai anaweza kupita kando ya sanamu za simba mlangoni, akaketi na kusoma bila kuulizwa rangi yake. Kilichojengwa ili kutufungia nje kimekuwa chetu. Historia ni hivyo, mali hubadilisha mikono.

Ninalosema ni hili: McMillan anakumbukwa si kwa sababu ya utajiri wake tu, bali kwa sababu kuna aliyeandika. Aliandikwa na wageni wake, akaandikwa na serikali, mkewe akaliandika jina lake juu ya jengo. Wazee wetu tuliwaachia kusimulia jioni, na jioni zikaisha.

Basi mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, nunua daftari la kurasa tisini na sita. Mwendee nyanya yako Jumapili hii, umuulize alizaliwa wapi, babake alimfanyia nani kazi, na wafu wenu wamelala wapi. Andika majina kamili. Mimi yangu nimekwisha kuyaandika, na binti yangu ndiye mtunzaji wa daftari. Mali bila daftari huisha bila habari; nasi watu ni hivyo hivyo.