Karatasi Chini ya Kioo

Nalikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo katika mji mdogo ambao sitautaja. Ofisi yetu ilikuwa na vyumba viwili, sefu moja na tarakilishi nne. Sefu ilikuwa na funguo mbili. Mmoja alishika meneja, wa pili mtunza fedha, nayo haikufunguliwa kamwe ila wote wawili wawepo. Tulijivunia desturi hiyo. Lakini tarakilishi, ambamo mliwekwa majina ya wanachama, akiba zao, madeni yao na namba zao za simu, zilifunguliwa kwa neno moja la siri, nalo lilikuwa limeandikwa katika karatasi chini ya kioo cha meza yangu. Kila mtu ofisini alilijua. Nashangaa sasa kuwa tuliendelea kuliita la siri.

Asubuhi moja ya mwaka 2021 walifika wanachama watatu, mmoja baada ya mwingine, wakilalamikia mikopo ambayo hawakuiomba. Tulipotazama hesabu zao tuliona kuwa namba zao za simu zimebadilishwa usiku, mikopo imechukuliwa kwa majina yao, na fedha zimekwenda katika simu za watu tusiowajua. Mmoja wao alikuwa mjane aliyeweka akiba kwa karo ya mwanawe. Aliketi juu ya benchi, kimya. Kimya chake kilinichoma kuliko makelele ya wenzake.

Nani aliyetenda? Tarakilishi ilisema tu kuwa aliyeingia alitumia neno letu. Neno lilikuwa la watu saba. Basi shaka nayo ilikuwa ya watu saba, na shaka ya wengi hutafuta aliye mnyonge. Macho yalimwelekea tarishi wetu, mzee aliyefagia ofisi jioni na kupangusa kioo kile kila siku. Hakuna aliyemshtaki kwa kinywa. Aliambiwa tu akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Alipokuwa akitoka aliniuliza, "Mwanangu, hata wewe waona ni mimi?" Nilitazama chini.

Fundi aliyeletwa kutoka Nairobi alifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu aliniita peke yangu, akanionyesha barua pepe niliyoipokea siku moja kabla ya wizi. Ilijifanya imetoka kwa kampuni iliyotuuzia programu ya hesabu, ikaonya kuwa kazi zetu zitasimama adhuhuri ile nisipothibitisha neno la siri. Siku hiyo watu walikuwa wamepanga foleni hadi mlangoni, nami nilikuwa na haraka. Nilibonyeza, nikaandika neno, na ukurasa ule wa uongo ukanishukuru. Jina la mtumaji lilikuwa sahihi. Anwani yake ilikuwa na herufi moja iliyozidi.

Fundi, kwa kunifariji, alinisimulia habari za Benki Kuu ya Bangladesh. Mwezi wa Februari, 2016, wezi walituma maagizo ya uongo New York, ambako benki hiyo huweka fedha zake, wakajaribu kutoa zaidi ya dola milioni 900. Milioni 81 zilifika Ufilipino. Milioni 20 nyingine, zilizokuwa zikienda Sri Lanka, ziliokoka kwa sababu jina la mpokeaji liliandikwa kwa makosa. Mabenki yakaingia shaka, yakauliza. Wezi hao walikuwa wameanza kwa barua pepe, wakijifanya waombaji kazi. Sikufarijika. Wale waliuliza, mimi sikuuliza.

Meneja alitaka mambo yaishie ndani. Fundi akamkumbusha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 habari za watu zinapoibwa kwa namna inayoweza kuwadhuru, na wenyewe nao waambiwe. Tuliwaita wanachama. Nilisimama mbele yao nikaeleza nililolifanya, na kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko kazi zangu zote za ukarani.

Karatasi ilichomwa. Kila mmoja wetu alipewa neno lake mwenyewe, refu, lisilo jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na baada ya neno hilo hutakiwa tarakimu sita zinazoonekana katika simu yake tu. Namba ya mwanachama haibadilishwi na karani mmoja: wa pili humpigia mwanachama kwa namba ya zamani kwanza. Yaani tarakilishi zilipewa heshima ya sefu, tena baada ya hasara. Nakala ya hesabu huchukuliwa kila jioni na kufungiwa mbali na ofisi.

Jumapili nilikwenda kwa mzee. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya macho yangu kutazama chini. Alisikiliza bila ya kuacha kazi yake, kisha akauliza kama yule mjane amerudishiwa fedha.

"Amerudishiwa, Mzee. Chama kimelipa."

"Vyema," akasema, akanisogezea kigoda.

Meneja alimwandikia barua ya kumwita kazini. Hakurudi.